Helsinki hadi Tokyo: umbali ni ule ule, lakini safari imeongezeka kwa takriban saa nne

Mwanzisha uzi

Wadau, nawasalimu.

Mtu akiingiza majina ya Helsinki, mji mkuu wa Ufini, na Tokyo katika kikokotoo cha umbali mtandaoni, ataletewa jibu la kilomita 7,820 hivi, pamoja na muda wa kuruka wa saa tisa na dakika kadhaa. Akienda kutafuta tiketi ya ndege inayokwenda moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili, atakuta takriban saa 13. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kupita kama kosa dogo la makadirio, kwa sababu inakaribia nusu ya muda wenyewe uliotajwa. Hata hivyo kikokotoo hakijakosea hesabu, na shirika la ndege halidanganyi. Nimechagua miji hii makusudi, kwa kuwa inaonyesha waziwazi kwamba umbali ni suala la jiometri, ilhali muda wa safari huamuliwa na upepo, injini, na serikali zenye mamlaka juu ya anga ambalo ndege inataka kulipita.

Nianze na umbali, kwa kuwa ndio sehemu isiyo na ubishi. Dunia, kwa makadirio yanayotosha kabisa katika shughuli hii, ni tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, na njia fupi kuliko zote kati ya nukta mbili juu ya tufe ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Helsinki iko digrii 60.2 kaskazini na digrii 24.9 mashariki, Tokyo iko digrii 35.7 kaskazini na digrii 139.7 mashariki. Ukizipitisha namba hizo katika kanuni za trigonometria ya tufe, utapata kwamba pembe iliyo kati ya miji hiyo miwili, ikipimwa kutoka kitovu cha dunia, ni digrii 70.3. Kila digrii moja ya duara kuu ni kilomita 111.2, na hapo ndipo 7,820 inapotoka. Marubani wenyewe watakuambia maili za baharini 4,220, kwa sababu maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, ni sawa na dakika moja ya pembe hiyo, jambo linalorahisisha hesabu zao.

Wengi hushangaa wanapoona mahali njia hiyo inapopita. Tokyo iko kusini ya Helsinki kwa zaidi ya digrii 24 za latitudo, lakini duara kuu linaondoka Helsinki likielekea kaskazini-mashariki, kwa digrii 52 hivi kutoka kaskazini halisi. Linapanda hadi latitudo ya digrii 67, linavuka kidogo mstari wa Aktiki karibu na mdomo wa mto Ob, kisha ndipo linapoanza kuteremka kupitia Siberia hadi Japani. Anayetazama ramani bapa ya ukutani ataona upinde mkubwa na kudhani kwamba rubani anazunguka bila sababu. Ukweli ni kinyume chake: mstari ulionyooka kwenye ramani ya Mercator, ambao huifanya ndege ishike mwelekeo mmoja wa dira kuanzia mwanzo hadi mwisho, una urefu wa karibu kilomita 8,760, yaani unazidi njia ya kweli kwa kilomita 940. Anayetaka kuhakikisha achukue tufe la darasani na kuvuta kamba kati ya miji hiyo. Kamba itakwenda yenyewe juu ya Siberia.

Vikokotoo hupishana kwa kilomita chache au kwa makumi ya kilomita, na hilo lisimsumbue mtu. Vingine hupima kutoka katikati ya mji, vingine kutoka uwanja wa ndege, na uwanja wa Narita uko kilomita 60 hivi kutoka katikati ya Tokyo. Vingine huichukulia dunia kuwa tufe kamili, vingine huzingatia kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha.

Sasa muda. Ndege kubwa ya kisasa ya masafa marefu huruka kwa Mach 0.85 au karibu na hapo, maana yake asilimia 85 ya kasi ya sauti katika hewa inayoizunguka. Katika urefu wa kilomita 11, ambako joto la kawaida ni nyuzi 56.5 chini ya sifuri za Selsiasi, sauti husafiri mita 295 kwa sekunde, kwa hiyo ndege inakwenda takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya 7,820 kwa kasi hiyo, utapata saa nane na dakika 40. Ongeza nusu saa au zaidi kidogo kwa ajili ya kupanda, kushuka, kupanga foleni ya kutua na kutembea ardhini, na utafika saa tisa na robo au tisa na nusu. Vikokotoo hufanya hesabu hii hii, na hadi Februari 2022 ratiba halisi za safari hiyo zilikaribiana nayo sana.

Tarehe 27 Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulitangaza kuzifungia anga lake ndege za Urusi. Kesho yake Urusi ikajibu kwa kuyafungia mashirika ya nchi 36. Ufini imepakana na Urusi upande wote wa mashariki, na sehemu kubwa ya duara kuu la kwenda Tokyo iko juu ya Urusi. Njia iliyokuwa ikitumiwa kila siku ikafungwa kati ya jioni na asubuhi.

Zikabaki njia mbili. Ya kusini huteremka kupitia Ulaya ya Mashariki na eneo la Bahari Nyeusi, ikapita upande wa Bahari ya Kaspi na Asia ya Kati, kisha China na Korea Kusini. Ya kaskazini hupanda moja kwa moja kuelekea Ncha ya Kaskazini, ikavuka Bahari ya Aktiki, ikateremka karibu na Alaska kupitia Mlangobahari wa Bering, halafu ikafuata Bahari ya Pasifiki hadi Japani. Hii ya pili tunaweza kuikokotoa wenyewe. Helsinki hadi nchani ni kilomita 3,320 hivi. Ncha hadi Bering ni 2,690. Bering hadi Tokyo, kwa mstari mfupi kabisa, ni 4,700. Jumla yake inapita 10,700, na bado tumejidanganya kidogo, kwa sababu kipande hicho cha mwisho kikinyooshwa kinapita juu ya rasi ya Kamchatka, ambayo ni ardhi ya Urusi. Ndege inalazimika kupinda zaidi upande wa bahari, kwa hiyo kilomita zinapita 11,000. Gawanya tena kwa 900, ongeza nusu saa ile ile, na saa 13 za kwenye tiketi hazitakushangaza tena.

Kuna jambo la kihistoria ambalo naona halisemwi vya kutosha. Wakati wa Vita Baridi, Umoja wa Kisovyeti nao ulikuwa umeyafungia anga la Siberia karibu mashirika yote ya Magharibi. Mwaka 1957 SAS, shirika la ndege la nchi za Skandinavia, lilianzisha safari ya Copenhagen hadi Tokyo kupitia Anchorage, Alaska, kwa ndege ya pangaboi ya DC-7C, na safari ilichukua takriban saa 32, ambazo wakati huo zilihesabiwa kuwa maendeleo makubwa kwa sababu njia ya kusini ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 1983 Finnair, shirika la ndege la Ufini, ikaanza kuruka Helsinki hadi Tokyo bila kutua popote, kwa DC-10, kupitia Ncha ya Kaskazini na Mlangobahari wa Bering, kwa muda wa saa 13 hivi. Baadaye Siberia ilipofunguliwa, saa hizo zikapungua hadi tisa na nusu. Mwaka 2022 Finnair ikairudia njia ya nchani, na baadhi ya abiria wakapewa cheti cha kuvuka ncha. Kwa hiyo, pamoja na miongo minne ya maendeleo ya injini, kompyuta na vifaa vya kuundia ndege, abiria wa leo anatumia muda unaolingana na ule wa abiria wa 1983.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa maelezo. Nina swali ambalo limenisumbua tangu sekondari. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwenye ikweta kasi yake ni zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Je, ndege inayotoka Tokyo kwenda Helsinki, ambayo inaelekea magharibi, haipaswi kufika mapema, kwa kuwa Helsinki yenyewe inaifuata? Mbona ratiba zinaonyesha kinyume?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, mkuu, na linaulizwa na watu wengi kuliko wanaothubutu kuliandika.

Hewa huzunguka pamoja na dunia. Ndege ikiwa imesimama kwenye lango lake tayari inakwenda mashariki kwa kasi ile ile ya ardhi iliyo chini yake, na ikipaa haipotezi mwendo huo, wala hewa inayoibeba haibaki nyuma. Kama hewa isingezunguka pamoja na dunia, mtu aliyesimama kwenye ikweta angepigwa muda wote na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa kutoka mashariki, na hakuna jengo ambalo lingebaki wima.

Tofauti ya kwenda na kurudi inaletwa na upepo, na hasa mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi katika urefu wa kilomita 9 hadi 12. Mzunguko wa dunia unachangia kuiunda mikondo hiyo, kwa hiyo hukuwa mbali sana na ukweli, ila mchango wake hupitia kwenye hewa. Inafaa kukumbuka kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuipima vizuri alikuwa Mjapani, mwanasayansi wa hali ya hewa Wasaburo Oishi, aliyerusha maputo katika miaka ya 1920. Aliandika ripoti yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumike kimataifa, akitumaini kwamba dunia nzima ingeisoma, na matokeo yake karibu hakuna aliyeisoma nje ya Japani. Marubani wa Marekani wakaja kukutana na upepo huo huo juu ya Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakiwa hawakuutarajia.

Upepo wa aina hii unaweza kupita kilomita 300 kwa saa juu ya Japani wakati wa baridi. Tuchukue mfano mdogo zaidi, wa upepo wa kilomita 150 kwa saa unaovuma njia nzima, katika ule umbali wa kilomita 7,820. Ukikusukuma kutoka nyuma, kasi yako juu ya ardhi inakuwa 1,050, na utafika kwa saa saba na dakika 27. Ukikukabili, kasi inabaki 750, na utahitaji saa kumi na dakika 26. Angalieni jambo moja hapa: upepo haujifuti. Bila upepo, kwenda na kurudi kungechukua saa 17 na dakika 23. Kukiwa na upepo kunachukua saa 17 na dakika 53. Nusu saa imepotea, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoikabili kuliko ndani ya ule unaoisukuma.

Ndiyo maana njia fupi kwa kilomita si lazima iwe fupi kwa saa. Wapangaji hutafuta njia yenye muda mdogo na mafuta machache, hata kama ina kilomita mia kadhaa za ziada. Kwa Helsinki na Tokyo ya leo, njia ya kusini huvutia zaidi wakati wa kwenda mashariki, kwa kuwa upepo unasaidia, na ya nchani huvutia wakati wa kurudi, kwa kuwa inaukwepa upepo huo. Uamuzi hufanywa upya kila siku kulingana na utabiri.

Mchangiaji wa tatu

Nimewahi kufanya kazi katika upangaji wa safari za ndege, kwa hiyo niruhusuni niongeze machache kuhusu njia ya nchani, maana mwanzisha uzi ameivuka Bahari ya Aktiki kwa sentensi moja.

DC-10 ya 1983 ilikuwa na injini tatu. Ndege za leo katika njia hii zina mbili, na ndege za injini mbili zinabanwa na kanuni inayojulikana kwa kifupi chake, ETOPS. Kanuni hiyo inataka kwamba, katika kila nukta ya safari, ndege iwe na uwezo wa kufika uwanja wa dharura unaofaa ndani ya dakika zilizoidhinishwa, ikiruka kwa injini moja tu. Zamani kikomo kilikuwa dakika 60. Mwaka 1985 zikaruhusiwa 120, miaka michache baadaye 180, na Airbus A350-900 iliidhinishwa mwaka 2014 kwa hadi dakika 370. Hata hivyo idhini ya aina ya ndege haitoshi. Shirika lenyewe linapaswa kuidhinishwa pia, na kuthibitisha kwamba viwanja inavyovitegemea viko wazi siku hiyo, vina hali ya hewa inayokubalika, na vinaweza kuwahifadhi mamia ya abiria dhidi ya baridi. Tazameni ramani: kuna Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard, digrii 78 kaskazini, na upande wa pili kuna Fairbanks na Anchorage kule Alaska. Kutoka Longyearbyen hadi Fairbanks ni zaidi ya kilomita 4,000, na sehemu kubwa ya katikati ni barafu ya bahari.

Pili ni baridi yenyewe. Mafuta ya ndege ya aina ya Jet A-1 huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri, na hewa ya juu karibu na ncha inaweza kushuka chini ya 65. Mafuta hayafiki huko haraka, kwa sababu yaliingia tangini yakiwa na joto na msuguano wa hewa huipasha ndege kiasi, lakini baada ya saa nyingi yanakaribia. Rubani anapoona kipimo kinashuka sana, hushuka kwenye hewa yenye joto zaidi au huongeza kasi kidogo, na vyote viwili hugharimu mafuta.

Tatu ni mawasiliano. Setilaiti zilizotulia juu ya ikweta hazionekani vizuri ukishapita digrii 82 hivi za latitudo, kwa sababu zinazama chini ya upeo wa macho. Kwa muda mrefu eneo hilo lilitegemea redio ya masafa marefu, ambayo nayo huvurugwa na dhoruba za jua. Siku ambayo jua limechafuka, njia ya nchani inaweza kuahirishwa ingawa mbingu ni nyeupe. Dira ya sumaku nayo haina msaada huko. Ndege huongozwa na mifumo ya ndani pamoja na setilaiti za mwelekeo, ambazo hufanya kazi vizuri hadi nchani.

Mtu asidhani kwamba safari hiyo ni ya hatari. Imefanywa mara nyingi mno. Nilitaka tu ieleweke kwamba mstari huo hauchorwi kwa rula na kuachwa hivyo.

Mchangiaji wa nne

Mimi ninachoona ni kwamba tunailaumu siasa kwa jambo ambalo wahandisi wangeweza kulimaliza. Kama ndege zingekuwa na kasi mara mbili, hata hiyo njia ya kilomita 11,000 ingekuwa ya saa sita. Concorde, ile ndege ya abiria iliyokuwa na kasi kuliko sauti, ilikuwepo tangu miaka ya 1970. Kwa nini tumerudi nyuma?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito, lakini Concorde haikuwa dawa ya safari hii. Iliruka kwa Mach 2, zaidi ya kilomita 2,100 kwa saa, tangu Januari 1976 hadi 2003, na uwezo wake wa kwenda bila kujaza mafuta ulikuwa takriban kilomita 7,200. Helsinki hadi Tokyo ni 7,820 hata kwa njia fupi kabisa, kwa hiyo isingefika. Tena, mlipuko wa sauti unaoandamana na kasi hiyo uliifanya izuiwe kuruka hivyo juu ya ardhi ya nchi nyingi zenye watu, na sehemu kubwa ya njia yetu ya zamani ilikuwa juu ya nchi kavu.

Kuhusu ndege za kawaida, Boeing 707 iliyoanza kubeba abiria mwaka 1958 ilikuwa tayari na kasi isiyopishana sana na ya leo. Kinachozuia ni ukinzani wa hewa, ambao hupanda ghafla ndege inapoikaribia kasi ya sauti, kwa kuwa hewa inayopita juu ya mabawa huifikia kasi hiyo kabla ya ndege yenyewe na kuanza kujenga mawimbi ya mshtuko. Mwaka 2001 Boeing ilitangaza mpango wa ndege ya kuruka karibu na Mach 0.98. Katika kilomita zetu 7,820, ndege hiyo ingeokoa saa moja na dakika kumi hivi. Mashirika yalipopima faida hiyo dhidi ya mafuta, yalipendelea ndege ya kasi ya kawaida inayotumia mafuta kidogo, mpango ukafutwa mwishoni mwa 2002, na matunda yake yakawa Boeing 787. Mimi binafsi naona walichagua vizuri, ingawa kwa abiria aliyekaa kiti cha katikati, akiwa katika saa ya kumi na moja ya safari, jibu hilo huenda lisimpendeze.

Mchangiaji wa tano

Naomba msaada wa jambo dogo. Nimeona ratiba inayosema ndege inaondoka Helsinki saa 11:45 jioni na kufika Tokyo saa 6:45 mchana wa siku inayofuata. Nikihesabu napata saa 19, wala si 13. Na nyingine inaondoka Tokyo saa 4 usiku na kufika Helsinki saa 11 alfajiri, ambazo ni saa saba tu. Je, kurudi ni nusu ya kwenda?

Mwanzisha uzi

Hapana. Ratiba huandika saa za mahali husika, za kuondokea kwa mji wa kuondokea na za kufikia kwa mji wa kufikia. Japani iko saa tisa mbele ya saa za ulimwengu mwaka mzima, wala haibadilishi saa zake. Ufini iko saa mbili mbele wakati wa baridi na saa tatu wakati wa kiangazi, kwa hiyo tofauti kati ya miji hii ni saba au sita kutegemea majira. Ratiba uliyoitazama inaelekea kuwa ya kiangazi: toa sita katika 19 zako, utapata 13, ongeza sita juu ya saba zako, utapata 13 vilevile.

Kumbuka pia kwamba muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa langoni, na kwamba mashirika huongeza dakika za akiba ili ucheleweshaji mdogo usihesabiwe kuwa kuchelewa. Mtu akitua dakika 20 kabla ya wakati, si lazima rubani awe ameongeza kasi.

Mchangiaji wa pili

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nasikia mashirika ya China bado yanapita juu ya Urusi. Kama ni hivyo, kwa nini mtu wa Ulaya asipande hizo, na kwa nini Finnair ing'ang'anie saa 13?

Mwanzisha uzi

Ni kweli kwamba mashirika ya China yanaendelea kulitumia anga la Urusi, kwa kuwa China haikuwa miongoni mwa nchi zilizofungiwa. Yana faida ya wazi katika safari za kati ya Ulaya na China. Kwa anayekwenda Tokyo, hata hivyo, kupitia Beijing au Shanghai kunamaanisha kutua, kusubiri na kupaa tena, na mara nyingi saa zilizookolewa angani zinamalizikia uwanjani. Mashirika ya Japani yenyewe yaliacha kupita Urusi mwaka 2022, kwa hiyo hayo nayo yanazunguka.

Hasara kubwa ya Finnair haiko kwenye mafuta pekee, ingawa ndege kubwa ya injini mbili inaweza kuunguza takriban tani sita kwa saa, na saa tatu na nusu za ziada ni zaidi ya tani 20 kwa kila safari. Mafuta hayo ya ziada yana uzito, na ndege huunguza mafuta mengine kwa ajili ya kuyabeba, hivyo siku nyingine mizigo huachwa, au hata viti hubaki vitupu.

Hasara iliyouma zaidi ni ya ratiba. Biashara ya Helsinki kama kituo cha kuunganisha Ulaya na Asia ilijengwa juu ya ukweli mmoja wa kijiografia: mji uko karibu na duara kuu linalounganisha miji mingi ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Kwenda saa tisa na nusu, kurudi saa kumi, na saa mbili za kuandaa ndege kila upande, jumla inakaribia 24 bila kuzipita. Ndege moja iliweza kwenda Tokyo, kurudi, na kuwa tayari kuondoka tena saa ile ile kesho yake. Kwa saa 13 kila upande, kuruka peke yake kunakula saa 26, kwa hiyo ndege iliyoondoka leo jioni haiwezi kuwa tayari kesho jioni. Anayetaka kuiendeleza safari ya kila siku analazimika kutenga ndege ya pili, pamoja na marubani wa zamu ya ziada, ili kuuza idadi ile ile ya viti.